Mlango wa Makufuli Mawili

Bi Sindano alikuwa na sababu moja tu ya kukataa kuolewa na Mwalimu, na sababu hiyo ilikuwa ukuta.

Si kwamba hakumtaka. Alimtaka, tena waziwazi, mpaka majirani walishaacha kunong'ona na sasa walikuwa wanauliza tarehe tu ili waandae nguo. Mwalimu alikuwa mgane, mstaafu wa somo la hesabu, mrefu, mpole, mwenye suruali zinazokomea juu ya kifundo cha mguu, kasoro ambayo fundi cherehani mwenye roho ya huruma hawezi kuitazama bila kuumia. Bi Sindano naye alikuwa mjane wa siku nyingi. Jina la Sindano alipewa na wateja, wengine kwa ajili ya kazi yake na wengine kwa ajili ya ulimi wake, na yeye hakuona haja ya kuuliza nani alimaanisha nini.

Tatizo ni kwamba Mwalimu alikaa Juu, na yeye alikaa Chini.

Ukisikia hivyo utadhani kuna mlima. Hakuna. Ardhi ya pale ni tambarare. Ukimwaga beseni la maji yanabaki yanashangaa yaende wapi. Aliyezipa sehemu hizo majina hakupima mwinuko, alipima ngozi. Juu walikaa wazungu, katika nyumba zilizoachana mbali, zenye bustani mbele na nyuma na barabara pana za kutembezea mbwa. Chini waliwekwa weusi waliowapikia wazungu hao, wakawafulia na kuwakatia nyasi, katika nyumba za mstari zilizobanana, bomba moja kwa mtaa mzima. Katikati ukapigwa ukuta. Na ili mtu asije akapata wazo la kuuzunguka kirahisi, barabara zote za Chini zikachorwa zitokee kituo cha polisi, na zote za Juu zitokee mjini.

Kwa hiyo, kutoka mlango wa nyuma wa Mwalimu hadi jikoni kwa Bi Sindano, ungeweza kurusha ndizi ikafika bila kupondeka. Lakini kwa barabara ulitoka Chini, ukapita kituo cha polisi, ukazunguka maghala ya reli, ukangoja zamu yako kwenye daraja la treni ambalo chini yake magari mawili hayapishani, ukaingia mjini, ukatoka mjini, ndipo ukaanza kupanda kwenda Juu, ingawa pa kupanda hapakuwepo.

Wazungu waliondoka zamani. Walibeba mabegi yao, mbwa wao na vinanda vyao, lakini ukuta hawakuubeba. Waliohamia Juu walikuwa watu wa Chini waliopata vyeo, na jambo la kwanza walilolifanya baada ya kubadilisha mapazia ni kupandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta ule ule. Sheria ya zamani ya mji ilikuwa imekataza duka lolote Juu, eti duka huleta inzi. Sheria ilikufa, hakuna aliyeizika, na mpaka leo mtu wa Juu akiishiwa kiberiti huwasha gari.

Bi Sindano na Mwalimu walijuana kwa ajili ya upepo. Gauni la mteja liliruka kutoka kwenye kamba, likapita juu ya zile chupa kwa neema ya Mungu, likatua bustanini kwa Mwalimu.

"Hodi huko!" Bi Sindano alipiga kelele. "Nirushieni gauni langu!"

"Gauni la mtu halirushwi," sauti ya kiume ilijibu, yenye adabu zote. "Nitalileta mwenyewe."

Akalileta. Aliondoka asubuhi, gari lake likazimika chini ya daraja la treni, akafika alasiri akiwa na gauni begani na doa la oili kifuani pa gauni. Bi Sindano alimtazama kuanzia viatu hadi upara.

"Baba, ungelirusha tu," alisema.

Tangu siku hiyo vitu vilirushwa. Vilirushwa vitunguu, magazeti, na suruali za kurefushwa. Jioni Mwalimu alipanda juu ya kreti la soda upande wake, Bi Sindano akapanda juu ya benchi la kupigia pasi upande wake, wakazungumza vichwa vikiwa katikati ya vipande vya chupa. Kwa muda mrefu Bi Sindano alimpenda mwanamume huyo kuanzia kidevu kwenda juu.

Mwalimu alipotamka neno la ndoa, Bi Sindano alimjibu papo hapo.

"Nakutaka, Mwalimu. Sasa niambie mama yangu nimweke wapi."

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa na umri ambao hata yeye alishaacha kubishana nao. Macho yalikuwa yamefifia, miguu ilikwenda kwa mkongojo, lakini sauti ilikuwa nzima kama ya mnadi. Kutwa alikaa mlangoni, na akitaka maji, au dawa, au kujua nani amepita, aliita, na Bi Sindano akaacha cherehani akaja. Kuhamia Juu hakutaka kusikia. Mumewe alifanya kazi ya bustani huko maisha yake yote, akitoka nyumbani na giza na kurudi na giza, na tangu amzike, Bibi hakuwahi kutamka neno Juu bila kutema mate pembeni.

"We nenda ukaolewe," alimwambia binti yake. "Mimi nitabaki hapa niite, na wewe uje kwa gari. Utafika kwenye matanga."

Mwalimu, kwa wema wake, alijitolea kuhamia Chini. Bi Sindano alimkaribisha aone chumba: kitanda chake, kitanda cha mama, cherehani, meza ya kukatia, na nguo za wateja zilizoning'inia kuanzia dirishani hadi mlangoni.

"Utalala wapi, baba? Kwenye droo ya nyuzi?"

Mwalimu alipiga hesabu kwa macho, ile kazi aliyoisomea, akakubali kuwa jibu halipatikani.

Aliyelipata ni mdogo wake Bi Sindano, seremala, mtu wa maneno machache na ahadi nyingi. Alikuja kuleta kabati lililochelewa, akawakuta dada yake na Mwalimu wakihuzunikiana juu ya ukuta, akaugonga ukuta kwa kidole, akausikiliza.

"Dada, hiki kitu si tukitoboe tu, tuweke mlango?"

Wote watatu waliutazama. Ukuta ulikuwa pale tangu kabla hawajazaliwa, na haikuwahi kuwaingia akilini kwamba ni matofali.

Ukuta, hata hivyo, ulikuwa na wenyewe. Juu kulikuwa na kamati ya ulinzi, mwenyekiti wake mstaafu mmoja wa forodha aliyeitwa Mzee Geti, kwa kuwa hakuna kikao alichowahi kukaa bila kupendekeza geti. Chini nako kulikuwa na kamati ya ulinzi, mwenyekiti wake Bwana Bucha, muuza nyama, ambaye alifungua vikao kwa kugonga kisu mezani. Kamati hizo hazikuwahi kukutana, na hata suala la mlango lilipowafikia, hakuna iliyokubali kwenda kwa mwenzake. Ikaamuliwa kikao kifanyike ukutani, kila kamati ikae kwake, wasikilizane.

Siku hiyo watu walijaa pande zote mbili na viti vyao. Mwalimu alipanda kreti, Bi Sindano akapanda benchi, maana mtu akisema jambo refu ilibidi lirudiwe na mwenye kichwa juu.

"Mlango ukiwekwa," Mzee Geti alianza kutoka ng'ambo, "wezi wa Chini watapanda kwetu."

"Hata!" Bwana Bucha aligonga kisu kwenye ndoo, kwa kukosa meza. "Sisi ndio tunaogopa wezi wa Juu. Nyinyi ndio wenye magari ya kubebea!"

Upande wa Chini ulicheka mpaka viti vikayumba.

"Kelele," Mzee Geti aliendelea. "Watu wa Chini wana kelele. Sisi tumezoea utulivu."

"Umeuzoea lini?" Bi Sindano aliuliza kutoka benchini. "Mzee Geti, wewe si ulizaliwa hapa, nyumba ya pembeni ya bomba? Marehemu mama yako akikuita ukaoge, mtaa mzima ulikuwa unaoga."

Ng'ambo ikasikika sauti ya mtu akijitahidi kutocheka, halafu ya Mzee Geti, safari hii imepungua uzito.

"Kikao kisitoke nje ya ajenda."

Walivutana mpaka kivuli cha ukuta kikawahama watu wa Chini kikawaendea wa Juu. Jambo la kushangaza, na lililomuudhi sana Bi Sindano, ni kwamba pande zote zilikuwa zikisema maneno yale yale. Wote waliogopa wezi, wote waliogopa watoto wao kuharibiwa na watoto wa wenzao, na wote waliamini ukuta ulijengwa kwa ajili ya kuwalinda wao. Alirudia maneno ya huku kwenda kule na ya kule kuja huku mpaka akachoka, akaanza kuyafupisha.

"Wanasema nini?" Bwana Bucha alimuuliza.

"Wanasema ulivyosema wewe."

Mwishowe walikubaliana. Mlango utakuwepo, ila utakuwa na makufuli mawili: moja upande wa Juu, ufunguo akae nao Mzee Geti, na moja upande wa Chini, ufunguo akae nao Bwana Bucha. Siku ya harusi yatafunguliwa yote, na baada ya hapo yatafunguliwa kila siku kwa saa zitakazopangwa. Kila mtu aliona ameshinda. Ilibaki swali la mlango ufungukie wapi, na hapo Mzee Geti akasimama imara kuliko alivyowahi kusimama: kwake haufungukii, utavunja maua. Bwana Bucha hakuwa na maua, akakubali ufungukie Chini. Seremala alisikia hayo, akatikisa kichwa taratibu, na akaenda kutafuta bawaba.

Bi Sindano hakulala vizuri wiki nzima. Mlango ulikuwa umesimama, wa mbao nzito, mzuri kuliko nyumba zote za mtaa huo, na kila akiupita aliusukuma kidogo kwa bega. Haukutikisika. Alikuwa anakwenda kuolewa na mtu, na kama mlango huo haufunguki hangeweza kuolewa naye, mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho. Hakumwambia mtu kwamba anaogopa. Alishona tu, akafumua, akashona tena.

Siku ya harusi ilifika na jua lake. Mpango ulikuwa hivi: Mwalimu na watu wake watavuka kwa miguu kupitia mlangoni, msajili wa ndoa atawangoja upande wa Chini, ndoa ifungwe mbele ya Bibi, kisha watu wapate chakula. Msajili alifika mapema, kijana mkavu mwenye mkoba, akatangaza kabla ya salamu kwamba mchana ana ndoa nyingine upande wa pili wa mji.

"Nikichelewa kule nitapigwa," alisema. "Kule wana hasira."

Bwana Bucha, ndani ya suti iliyomkaba, alitoa ufunguo mfukoni, akaunyanyua watu wote wauone, akafungua kufuli lake. Makofi yakapigwa. Akasukuma komeo. Akavuta mlango.

Mlango haukuja.

"Mwalimu!" Bi Sindano aliita, akiwa amejishika gauni lake jeupe asilikanyage. "Mko hapo?"

"Tupo wote," Mwalimu alijibu kutoka ng'ambo. "Tumependeza sana. Ila Mzee Geti hatumwoni."

"Yuko wapi?"

Kulikuwa na minong'ono huko. Kisha sauti ya Mwalimu ikarudi, na Bi Sindano alijua kwa jinsi ilivyorudi kwamba habari si nzuri.

"Mke wake anasema ameondoka zamani. Amekwenda harusini."

"Harusi gani?"

"Hii. Ametangulia kwa gari."

Watu walitazamana. Mtu mwenye ufunguo wa mlango, aliyekaa nyumba ya jirani na mlango huo, aliyeubishania mlango huo kikao kizima, alipotaka kwenda upande wa pili aliwasha gari. Hakufikiria. Miaka yote mtu wa Juu akitaka kwenda Chini huwasha gari, na mwili wa Mzee Geti ulimpeleka garini kama unavyompeleka punda zizini. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wake wa koti, na koti lilikuwa limemvaa yeye.

Walimpigia simu. Bwana Bucha aliiweka kwenye spika ili kamati nzima isikie.

"Niko njiani!" Mzee Geti alisema kwa furaha. "Nipo hapa kwenye daraja la treni. Lori limekwama chini yake, lakini wanasema litatoka."

"Mzee, ufunguo!"

"Ninao! Msiwe na wasiwasi, ufunguo uko salama." Honi zilisikika. Kisha ikaja sauti ndogo sana. "Mama yangu wee."

Bi Sindano aliketi kwenye benchi lake la pasi, na hapo, katikati ya watu na mapambo, machozi yalimjia. Hakulilia mlango tu. Alijionea haya kwamba, katika umri wake, amejivika nyeupe mbele ya mtaa mzima na kuruhusu furaha yake itundikwe kwenye mfuko wa mzee asiyejua nyumba ya jirani inafikiwaje. Msajili alitazama saa. Mtu mmoja alipendekeza Mwalimu aruke ukuta, na Mwalimu, ambaye alisikia, alianza kweli kupanda kreti, mpaka wakasikia watu wa kwake wakimsihi afikirie suruali na zile chupa.

"Zungukeni nyinyi!" mwingine alisema.

"Lori," walijibu wote kwa pamoja.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake, kwenye kiti chake cha kila siku, akisikiliza. Akaita.

"Weee! Kuna nini huko?"

"Mlango umegoma, mama," Bi Sindano alijibu huku akifuta macho. "Kufuli la Juu limefungwa na ufunguo umekwama darajani."

"Na fundi aliyeutia yuko wapi? Amekufa?"

Seremala alikuwa amesimama nyuma, anakula sambusa. Watu wakamgeukia. Akaimalizia kwanza, akajifuta mikono, akaja mbele ya mlango akauangalia kama mtu anayekutana na rafiki.

"Kufuli liko upande wao," alisema. "Mimi sina habari nalo. Lakini Mzee Geti alikataa mlango ufungukie kwake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bawaba ziko kwetu."

Akaomba nyundo. Hakuna aliyekuja harusini na nyundo, akapewa kisu cha Bwana Bucha na jiwe. Aliingiza ncha ya kisu chini ya pini ya kwanza, akagonga, pini ikapanda. Akagonga ya pili. Ya tatu ilileta ubishi kwa sababu ilikuwa mpya, akaitukana kidogo kwa sauti ya chini, ikatoka. Wanaume wanne wakaushika mlango upande wa bawaba, wakavuta, na mlango wote ukatoka mahali pake na kuachana na fremu, kufuli la Juu likiwa bado limefungwa vizuri kabisa kwenye komeo lake.

Ng'ambo alikuwa amesimama Mwalimu, mzima, kuanzia upara hadi viatu, akiwa na suruali ndefu aliyoshonewa na bibi harusi wake. Bi Sindano alimtazama. Mwalimu aliinua mguu juu ya kizingiti kwa uangalifu, kana kwamba hesabu bado inaweza kukataa, akavuka.

Msajili aliwafungisha ndoa kwa kasi ambayo hata waliokuwa karibu hawakuidaka yote, akawataka waseme ndiyo, wakasema ndiyo, akachukua mkoba wake akakimbia.

Mlango ukawekwa juu ya matofali, ukatandikwa kitambaa, ukawa meza ya chakula.

Halafu kulitokea jambo ambalo hakuna kamati iliyolipanga. Watu wa Juu, wakiisha kula, waligundua maduka. Mke wa Mzee Geti alinunua chumvi, akarudi kwake, akaweka chumvi jikoni, akarudi tena harusini, na sosi kwenye sahani yake ilikuwa bado ya moto. Aliwasimulia wenzake kwa mshangao wa mtu aliyekwenda mwezini. Akarudi kununua kiberiti, ingawa alikuwa nacho. Watu wa Chini nao walipita kwenye lile tundu, mikono nyuma, kwenda kuitazama Juu waliyoisikia maisha yao yote. Walirudi wakiwa wamevunjika moyo kidogo.

"Kuna nini?" aliulizwa Bwana Bucha.

"Barabara ina mashimo," alisema. "Na kuna mtu ameanika soksi."

Mzee Geti alifika jua likiwa limeshapoa. Aliliacha gari katikati ya njia, akaja mbio, tai ikiwa begani, ufunguo ameunyanyua juu.

"Ninao! Huu hapa! Nipisheni!"

Walimpisha. Alisimama mbele ya tundu wazi. Alilitazama sana. Kisha aligeuka, akauona mlango wake umelala chini ya vyungu na sahani, akainama pembeni, akainua kitambaa na kulifungua kufuli. Hakuna aliyejua kwa nini, wala yeye, lakini watu walimpigia makofi kwa moyo mmoja, na akapewa sahani.

"Mlango utarudishwa lini?" alimuuliza seremala akiwa anatafuna.

"Kesho," seremala alisema.

Mtaa mzima ulikuwa na makabati, vitanda na stuli za kesho ya seremala huyo. Hata Bwana Bucha alitabasamu.

"Basi kesho," Mzee Geti alisema, na Bi Sindano, aliyekuwa karibu, alimwona akiyasema hayo bila kumtazama mtu usoni, kama anayetoa kitu alichokishika muda mrefu. Mkewe alimwambia warudi nyumbani, akamwonyesha kwa kidole paa lao, lile pale. Mzee Geti alikataa. Gari je? Akapanda gari, akaenda zake kuzunguka mji.

Giza lilikuwa bado halijaingia sawasawa Bi Sindano alipoketi kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mumewe. Alikuwa amevua viatu. Mwalimu alikuwa jikoni akitafuta mahali pa kuweka sufuria alizozawadiwa. Na kutoka ng'ambo, juu ya ukuta, ikaja ile sauti.

"Weee! Mwanangu!"

Alitoka bila viatu. Alikimbia katikati ya bustani akiwa ameshika gauni kwa mikono miwili, akapita kwenye tundu, akapita meza ya mlango, akafika. Alikuta Bibi ameketi pale pale, mkongojo magotini, hana maumivu, hana kiu.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unaniitia nini? Moyo umetaka kutoka!"

Bibi alikuwa ametega sikio, kama anayehakikisha kwamba nyayo alizozisikia zimefika kweli.

"Siku ya kukuzaa wewe nilimwita baba yako," alisema. "Nilikuwa peke yangu. Alikuwa huko nyuma, katika nyumba mojawapo ya hizo, anamwagilia maua ya watu. Akaniitikia, nikamsikia kabisa. Akasema nakuja. Akaanza kuzunguka. Kule polisi wakamsimamisha, darajani wakamsimamisha. Alipofika ulikuwa umeshanyonya umelala. Alisimama hapo mlangoni na kofia mkononi, hakuingia, akawa anasema tu, nilikuitikia, nilikuitikia. Maisha yake yote aliniomba msamaha kwa siku hiyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikikasirika namwambia kwamba yeye hakutaka tu kufika."

Bi Sindano alikaa chini, gauni na vumbi vyote pamoja, akalaza kichwa kwenye goti la mama yake. Mwalimu alikuwa ametokea kwenye tundu, sufuria bado mkononi, akasimama hapo bila kujua kama aende au arudi.

"Wewe, mwanangu," Bibi alimwita. "Weka hicho chombo chini. Njoo unishike mkono."

"Twende wapi, mama?"

"Huko kwako. Polepole."

Hakutema mate. Alikwenda kwa mkongojo upande mmoja na mkono wa Mwalimu upande mwingine, akavuka, wakamfikisha katikati ya bustani kwenye majani mabichi. Bi Sindano alikuwa nyuma yao. Bibi akageuka, uso kwenye ukuta.

"Sasa wewe rudi nyumbani," alimwambia binti yake. "Kaa jikoni. Uniite."

Bi Sindano alirudi. Aliingia jikoni kwake, kwenye harufu ya mafuta ya taa na nguo mpya, akashika ukingo wa meza. Ilimbidi ajaribu mara mbili.

"Mama!"

"Naam!" Bibi aliitika kutoka ng'ambo, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Nakuja!"

Bi Sindano akavuta kiti, akakitazamisha mlangoni, akausikiliza mkongojo ukigonga kizingiti cha tundu, kisha simenti ya uani, ukija.